Niliweka Dau Mheshimiwa Atatushtaki, Sasa Naogopa Kushinda

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo lenyewe lilianza kama mchezo na mpaka leo wenzangu wote wanaliona ni mchezo, ni mimi peke yangu ninayelibeba kifuani.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni msahihishaji katika gazeti, mwaka wa kumi na moja huu, yaani kurasa zikishapangwa zinatolewa kwenye karatasi kubwa, naletewa mezani, nazisoma neno kwa neno nikiwa na penseli, kosa nikiliona nalizungushia duara, nikimaliza naweka saini kwenye kona na ukurasa unakwenda mtamboni. Meza yetu ina watu watatu, mimi, mzee mmoja tunayemwita Mzee Nukta kwa sababu hajawahi kuiacha nukta ipite bila kuisalimia, na mwandishi wa habari tunayemwita Mama Mapacha, ambaye si msahihishaji ila chumba cha waandishi kilijaa akahamia kwetu. Huyu ndiye rafiki yangu. Mwanangu alipolazwa, yeye ndiye aliyekuwa akiniletea nguo za kubadili wodini, na hajawahi kunikumbusha.

Pale mezani tuna tabia ya kuwekeana dau, si la pesa, Mama, sisi si wacheza kamari, ni vitu vya kuchangamsha siku tu, hotuba ya mkurugenzi itazidi nusu saa au haizidi, lifti itatengenezwa mwezi huu au mwakani, na anayeshindwa anawachemshia wenzake chai wiki nzima. Mimi nimeichemsha chai hiyo mpaka wakanibatiza jina la Birika. Miaka yote sijashinda hata mara moja, na nilikuwa nacheka nao, lakini jina la utani likikaa sana linaingia ndani.

Sasa Mama Mapacha akaandika habari ya mheshimiwa mmoja, kwamba kiwanja kilichotengwa kwa ajili ya zahanati kimepewa kampuni ya shemeji yake. Mheshimiwa akaita waandishi, akapiga meza, akasema atalishtaki gazeti kwa kumchafulia jina. Siku hiyo hiyo tukaweka dau, na safari hii lilikuwa dau zito, kiti cha dirishani, ambacho ndicho pekee chenye mgongo mzima na mwanga wa kutosha macho, na Mama Mapacha amekikalia tangu ahamie. Yeye akasema, "Hathubutu. Karatasi zote ninazo, mtu hashtaki ukweli." Mimi nikasema, "Atashtaki, utaniambia." Mzee Nukta akawa mwamuzi.

Wiki mbili zikapita kimya, mheshimiwa hakwenda popote, na kila asubuhi Mama Mapacha ananisogezea birika bila kusema neno, anacheka tu kwa macho. Ndipo ikaja habari ya pili, ya kufuatilia ile ya kwanza, na ukurasa ukaletwa kwangu saa kumi na moja jioni, na kwenye aya ya tatu nikaona imeandikwa kwamba kiwanja kilipewa kampuni ya mheshimiwa. Si ya shemeji yake. Yake mwenyewe. Nikazungushia duara. Halafu nikakaa nalitazama lile duara, nikachukua raba, nikalifuta, nikaweka saini. Sikuwa na hakika kabisa, Mama, nilidhani labda Mama Mapacha amepata habari mpya, yeye ndiye mwenye karatasi.

Siku nane zilizopita ikaja barua ya wakili kwamba habari ya pili ni ya uongo na kashfa, gazeti lina siku kumi na nne za kusahihisha na kuomba radhi, la sivyo mahakamani. Barua haikutaja ni sentensi ipi. Mhariri mkuu akaisoma ile habari, Mama Mapacha akaisoma mara mbili, hakuna aliyeona kitu, maana mtu akishaijua habari husoma kile anachokijua, hasomi kilichoandikwa, na ndiyo sababu sisi wasahihishaji tukaajiriwa. Mama Mapacha akamwapia mhariri mbele yetu wote kwamba kila neno lina karatasi yake, na kama amekosea atatoka kazini kwa miguu yake bila kufukuzwa. Mhariri akasema basi, hatuombi radhi, tukutane huko huko mahakamani. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Zimebaki siku sita. Mzee Nukta ameamua kwamba barua ya wakili si kesi, dau litajulikana siku ya kumi na nne, lakini wenzangu wameshaanza kuniita Mshindi, na jana Mama Mapacha mwenyewe alikipangusa kile kiti akasema, "Njoo ukijaribu, Birika, nizoee mapema." Nikakaa. Ule ukurasa wenye saini yangu uko kwenye droo ya meza yetu, na nikiuinamisha kwenye mwanga naliona duara langu, raba imeondoa penseli lakini alama imebaki.

Mume wangu ni fundi seremala, anasema, "Aliyeandika ni yeye, wewe umesoma tu. Nyamaza." Nikisema, nitapoteza kazi, na maji yakimwagika hayazoleki. Naomba uniambie, nikikataa kile kiti akabaki nacho Mama Mapacha, nitakuwa nimeituliza dhamiri yangu?

Ni mimi,
Birika

*

Birika mdogo wangu,

Marahaba. Siku zako sita haziwezi kuingoja safu hii ichapwe, kwa hiyo jibu hili anakuletea tarishi wetu mkononi, kwenye anwani uliyoandika nyuma ya bahasha. Wasomaji wengine watalisoma mambo yakishapita.

Pole. Nasema pole kwa moyo, kwa sababu kuchekwa miaka kumi na moja kunauma hata wanaokucheka wakikupenda, na hakuna mezani kwenu aliyewahi kukuuliza kama jina la Birika unalipenda. Hilo nimelisikia. Lakini pole imeishia hapo.

Umeniuliza habari ya kiti. Kiti hakina kesi, dada. Mwenye kesi ni rafiki yako, ambaye siku sita zijazo ataingia mahali pa hatari akiwa amekushika mkono, na wewe unajua shimo liko wapi. Ukimwachia kiti atakikalia kwa muda gani? Ameshaapa kwamba akikosea ataondoka.

Mwambie mumeo, kwa heshima zote, kwamba seremala akiona msumari umechomoza kwenye kiti, akanyamaza akakiuza, hawezi kumwambia mteja kwamba amekaa vibaya. Kazi yako ilikuwa kuuona msumari, nawe ukauona. Na usinitupie methali ya maji kumwagika. Maji yako bado yamo mtungini, umeuinamisha tu, na una siku sita za kuusimamisha.

Halafu jambo jingine, ambalo sidhani umelifikiria. Mama Mapacha alikuwa sahihi. Habari ya kwanza ilikuwa ya kweli, na mheshimiwa aliimeza kimya wiki mbili nzima kwa sababu hakuwa na la kushika. La kushika mmempa ninyi, katika aya ya tatu. Akifika mahakamani na hiyo sentensi moja, hakuna atakayeuliza tena habari ya shemeji wala ya zahanati, na wagonjwa waliokuwa wajengewe pale wataendelea kutembea mwendo ule ule. Hilo nalo limo ndani ya dau lenu, ingawa hamkulitaja.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hujagusa birika, toa ule ukurasa kwenye droo. Mwite Mama Mapacha pembeni, kwenye ngazi au popote pasipo na masikio, umwoneshe aya ya tatu, kisha umwoneshe duara. Aanze kusikia yeye, na asikie kwako. Usilie kwanza, ukilia atakubembeleza, na si zamu yake kubembeleza. Akimaliza kukuambia atakayokuambia, nendeni wote wawili kwa mhariri mkuu mkiwa na ukurasa huo na habari ya kwanza. Amuulize wakili wa gazeti jinsi ya kuandika sahihisho, la sentensi hiyo tu, na litoke kabla siku hazijaisha. Kusahihisha sentensi moja si kuitupa habari nzima. Anayesahihisha mapema ndiye anayeaminiwa kwa yaliyobaki.

Sitakudanganya kwamba hutafukuzwa. Huenda ukafukuzwa. Sitakudanganya pia kwamba rafiki yako atakukumbatia. Anaweza kukaa mwezi mzima bila kukusemesha, na utatakiwa kuuvumilia mwezi huo bila kununa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na saini yako ipo kwenye kona. Siku wakili wa gazeti atakapoomba karatasi zote, droo itafunguliwa, na hapo utaonekana mtu aliyejificha, si mtu aliyekosea.

Na dau utashindwa, hilo ni lazima. Mheshimiwa akisahihishiwa kwa wakati, hana cha kushtakia. Chemsha chai yako wiki nzima, kisha uwaambie kwa upole kwamba jina la Birika hulitaki tena. Hilo ulipaswa kuliomba miaka mingi iliyopita, na wangekupa bila dau.

La mwisho. Barua yako umeiandika kwa penseli, nadhani ni mazoea ya kazi. Pale uliponiambia kwamba hukuwa na hakika kabisa, karatasi imekwaruzika. Palikuwa na sentensi nyingine, ukaifuta kwa raba, ukaandika hiyo juu yake. Nimeipeleka dirishani nikaiinamisha kwenye mwanga, kama ulivyonifundisha mwenyewe. Inasomeka hivi: "Nilijua ni kosa, na nilitabasamu."

Iandike tena, kwa wino, na kesho uanze nayo.

Mama Mshauri