Mikokoteni Ilipokawia

Kwa dada Wachuka, huko Skuta kwenye jua,

Huku chini ya ardhi ya Karatina, sisi Agumba, watu wa mapangoni, tunaendelea. Viazi ulivyotuma vilifika.

Tulimzika Baba. Mama akaingia chumba cha wajane na chakula cha kumfikisha siku ya soko. Unakumbuka desturi: mikokoteni ikinguruma juu ya vichwa vyetu, siku imefika na mjane hufunguliwa mlango.

Safari hii mikokoteni ilikawia. Mama akagonga, akisema chakula kimeisha na siku imepita. Nikamkemea, "Vumilia, Mama, soko bado." Akagonga tena, kisha akanyamaza.

Mikokoteni iliponguruma tulimfungulia tukiimba. Tumemlaza kando ya Baba.

Wachuka, kwani soko lilikuwa limefungwa? Na huko juu, siku ziliendelea kupita?

Ndugu yako,
Ngatia