Tata, Nimekupata Kwenye Picha ya Treni

Mpendwa Tata,

Nakuandikia nikiwa studio kwangu, Rwamishenye. Mama alikuja kutoka Izigo akitaka picha yako ya ukutani. Ile tuliyoweka msalabani, kaburini kwako, tuliitoa kwenye kitambulisho, na humo umekunja uso kama mtu aliyeitwa polisi. Nimepekua bahasha zako zote za picha. Treni, treni, treni. Wewe humo hata kwenye moja.

Unakumbuka Tabora, ulipokuwa fundi wa reli? Usiku ukitoka zamu ulisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, ukafungua lenzi, ukaenda kumulika mabehewa kwa tochi huku mimi nikihesabu hadi sitini. "Nikitembea bila kusimama, kamera hainioni," uliniambia. Nilikuwa na miaka minane, nikaamini baba yangu anajua uchawi kidogo.

Usiku mmoja nikasinzia, hesabu ikapotea. Ukasimama mbele ya behewa la pili, ukageuka kunitazama. "Umeniharibia picha, mwanangu." Hukugomba zaidi ya hapo.

Hiyo ndiyo niliyoitafuta. Niliiskani, nikafuta mikwaruzo, nikaongeza mwanga penye giza. Ukatokea: kofia, bega, na uso usiosomeka. Nikabonyeza kitufe cha kusafisha sura. Kompyuta ikakuwekea macho, pua na meno mazuri. Nilidhani nitalia. Nikakaa tu, nikiangalia yale meno.

Nilimpelekea mama.

"Huyu nani?"

"Si ni Tata, mama."

"Mtu huyu hajawahi kula kwangu. Nirudishie wangu, hata kama haonekani."

Nikayafuta macho, nikafuta na meno. Nilikurudisha gizani kwa mkono wangu mwenyewe, na hata hapo sikusikia kitu. Tangu tukuzike kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, niko hivyo. Nafungua studio, napiga picha za pasipoti, nawaambia watu wainue kidevu. Watu wanasema nimejikaza vizuri. Sijajikaza, Tata. Nimekufa ganzi.

Sasa picha iko sebuleni Izigo. Wageni wanaona treni, wanaisifia treni. Mama anainuka, anaweka kidole juu ya kioo.

"Amesimama hapa. Anamwangalia huyu," anasema, na kunigeukia.

Wageni wote wananitazama. Mimi nawaongezea chai, maana sijui nifanye nini kingine.

Pumzika, Tata. Mama ni mzima.

Binti yako