Sababu Gani Kambale Alibaki

Butembo, Kimemi, mwezi wa tatu 2002

Yaya mupendwa Emérence,

Shalom katika Bwana. Habari ya Mulekera, kule Beni? Mugongo ya bwana yako inaendelea namna gani? Na Luc na Esdras, banakula muzuri? Mimi niko muzima, ni baridi tu ya Butembo, hiyo haina huruma. Mbele sijaendelea, kaa chini. Usilie, habari ni njema: mutoto wako Ésaïe yuko, mimi mwenyewe nimemushika mukono.

Neno lako la barua nililikuta hapa siku ile nilifika kutoka Kampala. Ulitukana kila mutu, na ulikuwa na haki. Mama anapoteza batoto batatu katika kukimbia vita kule Kalunguta, halafu centre ya kutunza batoto benye kupotea inamurudishia Luc, Paluku wake, na Esdras, Kasereka wake, bila Ésaïe, Kambale wa katikati! Angesema nini kingine? Sikuweka hata mizigo chini. Nilienda pale na hasira yangu unayoijua.

Jemima, mwenye kulea batoto pale, aliniambia kwamba bao pia bameshangaa. Batoto ba familia moja bakija pamoja, mukubwa anarudi kwao, mwenye kumufuata anabaki. Na unajua kwetu kila kijana wa pili anaitwa Kambale: basi ba-Kambale balijaa nyumba nzima. Mujini balishaanza kusema ni laana, na pasta mumoja akatangaza maombi ya kufunga kwa wote benye jina lile. Loo! Na mimi mwenyewe ni Kambale! Nikauliza nani anachagua benye kupanda lori. Akajibu: machine, ile kompyuta yabo.

Basi ile njo kazi niliyosomea. Bakawasha groupe ya umeme, nikafungua programu. Sikia yaya, nitakuonyesha na banc, kiti kirefu kama cha kanisa. Batoto bako bamekaa: Paluku, Kambale, Kasereka. Programu inaangalia nafasi ya kwanza: Paluku, mama yake amepatikana, asimame aende. Akisimama, benzake banasogea, na Kambale anakaa pa kwanza. Lakini programu hairudi nyuma, inaenda nafasi ya pili. Pale inakuta Kasereka, naye anaenda. Kambale haulizwi kitu. Hakuna mutu alimukatala, yaya. Hakuna mutu alimuangalia, basi. Na ilipita mara moja tu, mafuta ya groupe yakaisha. Benye kubaki bakahesabiwa kuwa hawana wazazi.

Dawa haikuwa ngumu. Sasa inapita banc nzima bila kusimamisha mutu, inaweka kando majina ya benye kuenda. Ikifika mwisho, njo inabaondoa. Tulipoiwasha tena, ba-Kambale balitoka mupaka Jemima akapiga vigelegele. Jina la Ésaïe lilipotokea nililia mbele ya batu, sitaficha.

Kuko neno moja nilikuwa naogopa kuandika. Utauliza: Ésaïe ana mudomo, sababu gani hakusema kwamba mama yake yuko Beni? Balimuuliza, yaya. Alijibu kwamba mama yake alikufa. Kila aliyeuliza alimujibu vile vile. Tulipobaki sisi wawili, nikamuuliza sababu gani anakuzika ukiwa muzima. Akaniambia aliona na macho yake: lori lilikuja, bakasema mama ameita Luc, ameita Esdras, yeye amemuacha. Akaona ni heri mama aliyekufa kuliko mama aliyemukatala.

Nilimuelezea mambo ya banc. Alisikiliza yote, kisha akauliza kitu kimoja: kama ni wewe ulinituma. Nikamusomea neno lako, na matusi yote ndani. Akacheka, yaya! Akasema kweli huyo ni mama. Ile jioni alikula sahani mbili za fufu.

Lori litatoka kisha siku ya soko, kama njia iko wazi. Kawia ufike, basi usihangaike likichelewa. Lakini usitume mutu kumupokea. Nenda wewe mwenyewe, simama mbele ya batu bote, na uite jina lake kabla hajashuka.

Salimia bote ba nyumbani, na mama mukwe kwa namna ya pekee. Wasingya, asante sana, Mungu akulinde.

Ni mimi mudogo wako,
Kambale Zorobabel