Mfungo Ambao Hukuufungua

Babu yangu,

Koko, mke wako, anakonda, na mimi nimefanya jambo ambalo sijui kama ungeniruhusu. Sina mtu mwingine wa kumuuliza. Shangazi Faida ananiambia ninyamaze tu, kwa kuwa linasaidia. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kusaidia peke yake hakutoshi.

Tangu tulipokuzika, kitenge cha Koko kinamzunguka mara mbili na bado kinateleza. Siku moja nikimwogesha niliziona mbavu zake zote, nikaendelea kummwagia maji. Majirani wakaanza maneno yao. Mmoja alisema ni sukari, mwingine akasema ni kifua kikuu. Mama mmoja wa kanisani akasema, "Mukongwe akifiwa na bwana yake, nyama zinamufuata bwana." Nilikasirika sana. Koko anasahau jina langu, anasahau hata fasi choo kilipo, lakini hajakufuata. Usimwite, Babu.

Shangazi na mimi tulimpeleka Mbarara. Njia yote alinishika mkono akiuliza kama tunarudi kwetu Uvira. Hospitalini walimpima damu, mkojo, kifua, hawakuona kitu. Daktari akasema ugonjwa huu wa kusahau, wanaouita Alzheimer, wakati mwingine humkondesha mtu bila sababu nyingine kuonekana. Shangazi akaanza kulia. Ndipo nesi aliyekuwa kwenye mizani, ambaye Kiswahili chake amekulia nacho katika kambi ya jeshi, akatugeukia: "Nyinyi nasema mzee nakula. Nani naona na macho yake?"

Sahani yake hurudi tupu kila siku. Tulichokuwa tukikiona ni sahani.

Jumamosi iliyofuata sikwenda kwaya. Nilikaa nyuma ya mlango na daftari langu la hesabu. Shangazi alimwekea Koko bugali na maharage, akaenda shambani. Koko akajifunga kile kitambaa cheupe cha maombi, akaita watoto wa jirani. "Mukuje, batoto, mukule. Miye niko mu maombi. Leo ni siku ya kwanza." Walikula mpaka wakalamba sahani.

Nilijua mara moja ni maombi gani. Pumzi yako ilipokuwa fupi, wewe na Koko mlitangaza siku tatu za kufunga, nyumba nzima, ili upone. Nyumbani kwetu ni wewe tu uliyekuwa unafungua mfungo. Ulisimama karibu na dirisha, ukaomba, ndipo sisi tukala. Na chakula tulichokiacha, ulisema, lazima kimfikie mwenye njaa, la sivyo tumejinyima bure. Siku ya tatu ulikufa. Wageni walijaa, tukaimba, tukalia, tukala chakula cha msiba, na hakuna aliyekumbuka kwamba mfungo haujafunguliwa. Koko ndiye peke yake aliyekumbuka. Siku nyingine hupotewa na hilo pia, akala vizuri, na nadhani ndiyo maana bado tunaye. Siku nyingi bado anafunga kwa ajili yako.

Nilijaribu kumwambia ukweli. Alipiga kelele kama mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza, na kwake ilikuwa mara ya kwanza kweli. Jioni aliniuliza kama umeamka. Sikurudia. Siwezi kumfanya afiwe upya kila siku.

Basi Jumatatu, kabla ya shule, nilisimama karibu na dirisha nikasema maneno yako: "Bwana, tulichoomba tumekiacha kwako. Tufungue midomo kama ulivyoifungua asubuhi." Niliruka sehemu ya wagonjwa. Koko akanikatiza, akaisema yeye mwenyewe yote bila kukosea hata neno, akasema "Amina" kwa nguvu, akanyoosha mkono kupokea uji. Aliumaliza. Kisha akachungulia ndani ya kikombe: "Na sukari mulimuwekea nani?" Nilicheka hadi nikamwaga wa kwangu.

Tangu hapo ninaomba kila asubuhi, na mchana Shangazi anakaa naye mpaka amalize. Kwenye mizani ya kituo cha afya aliongezeka kilo moja. Juma lililofuata akapungua nusu. Labda ugonjwa wenyewe unamla, kama daktari alivyosema. Sijui. Siku nyingine anatema kila kitu, na ninakwenda shule nikitembea haraka kana kwamba nikifika mapema nitapata jibu.

Lakini kinachoninyima raha ni hiki, Babu. Ninafumba macho mbele ya Mungu nikifungua mfungo, na tumboni nina chai na kiazi. Shangazi anasema, "Huo si uongo, ni dawa." Mimi sina hakika. Mwalimu amenisimamisha mara mbili darasani kwa kutomsikiliza, na mara zote mbili nilikuwa nikiwaza hilo.

Jana nilipata njia. Kuanzia kesho sitaweka kitu mdomoni kabla ya kumwombea. Ni mfungo mdogo sana, tangu kuamka mpaka uji uive, najua ungenicheka. Lakini utakuwa wa kweli, na nikisema ninaufungua, nitakuwa ninaufungua. Maneno yatabaki yako. Moyoni tu ndimo nitakamobadilisha: sitaomba tena wewe upone. Nitaomba yeye ashibe.

Pumzika, Babu. Wewe umekwisha kuombewa. Yeye bado, na ninakuahidi kwamba hataomba peke yake.

Mjukuu wako,
Furaha