Vitufe Sita Tu

Tarehe 3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kigoda chako na si juu ya ngazi, maana shangazi ameniambia ulipanda tena kufunga antena ya jirani. Goti linasemaje? Mimi mzima, kikohozi kimeniacha, na kazini bado nakata vioo vya miwani kutwa nzima.

Nina jambo. Meneja wa ukumbi mpya ulio nyuma ya duka letu amenipa nusu saa siku ya ufunguzi, tarehe 20 Aprili. Nusu saa yangu mwenyewe, muziki wangu mwenyewe! Nililia kwenye choo cha kazini, nikanawa uso, nikarudi kukata vioo.

Vyombo vyangu unavijua: mashine ya ngoma, kisanduku cha kunasia sauti, kompyuta na spika mbili, vyote juu ya meza ya kupigia pasi ya marehemu mama. Kwa nyimbo nne vinatosha. Wimbo wa tano, ambao ndio wenyewe, unanigomea. Kila sauti ninayoitoa kwenye kompyuta ni safi mno, imenyooka mno, haina mtu ndani. Ninachotaka ni sinthesaiza ya analogi, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme wenyewe unaopita kwenye vipuri, kama redio zako za zamani, si kwa hesabu za kompyuta.

Mezani imebaki nafasi ya kimoja tu, kuanzia ile alama ya pasi iliyounguza hadi ukingoni. Nimeona vitatu. Cha kwanza ni kipya, kidogo, kinatoa sauti moja tu kwa wakati. Cha pili kipya pia, kikubwa, sauti nne kwa pamoja, na kinakumbuka kila ulichokipangia. Cha tatu ni kikuukuu, anakiuza mwalimu wa muziki aliyestaafu. Kina mbao ubavuni, na vitufe vyake sita havitoi sauti. Nishauri kama fundi, Baba. Usinishauri kama baba, nakujua.

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 15 Februari

Kwako Kitindamimba wangu,

Marahaba, mama. Goti lipo, linanitangazia mvua kabla ya redio. Shangazi yako ni mmbea, ngazi yenyewe ilikuwa fupi.

Hongera sana. Muziki wako bado sijauelewa, ule ulioniletea mwaka jana nilidhani kaseti imekwama, lakini nusu saa ni nusu saa. Si kila mtu anapewa.

Haya, ushauri wa fundi. Chukua cha pili. Wewe tangu shule ukisimama mbele za watu unasahau hata jina lako, kwa hiyo kitu kinachokumbuka kitakufaa. Cha kwanza si kibaya. Cha tatu achana nacho kabisa! Miaka arobaini nimekaa na vikuukuu, tabia zao nazijua: leo unakitibu sikio, kesho kinaumwa tumbo. Ila kama kichwa chako bado ni kigumu kama nilivyokiacha, basi kiwashe, ngoja nusu saa kipate moto, ndipo usikilize. Nusa kwa nyuma. Kikinuka mpira ulioungua, kimbia.

Na usinipigie simu kwa mambo haya. Simu naijibu kabla sijafikiri. Andika.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 28 Februari

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje, na shangazi naye hajambo? Huku salama, ila mwenye duka ameanza kunitania kwamba napiga ngoma kwa koleo za fremu.

Nimechukua cha tatu. Usiitupe barua, soma hadi mwisho.

Nilivijaribu vyote, kwa haki. Kile kidogo kina sauti nene, tamu, lakini nilikizoea kabla sijavua koti. Kile kikubwa nilihangaika na mipangilio yake mpaka nikausahau wimbo ulionipeleka pale. Kwa mwalimu nilingoja nusu saa kama ulivyoagiza, akanionyesha picha za wajukuu wake wote. Nikanusa, hakinuki. Nikabonyeza kitufe kimoja, nikakishikilia, na hapo sijui nikueleze vipi. Kina sauti ninayoijua. Nilimwambia nakichukua kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe.

Nimekifunga kwenye blanketi, nakituma kwa basi. Fundi ninayemwamini ni mmoja tu. Kazi yenyewe ni vitufe sita tu, Baba. Mengine yote yaache yalivyo.

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 21 Machi

Kitindamimba,

Salamu kwanza. Sisi wazima, ila shangazi yako amenuna kwa kuwa kinanda chako kimekalia meza ya chakula wiki ya tatu sasa.

Vitufe sita vimepona. Ilikuwa kutu, na buibui mmoja aliyejenga humo, nimemhamishia dirishani. Sasa sikia habari kubwa. Nilipokijaribu, nikaukuta ugonjwa ambao mwalimu wako alikuficha: sauti haisimami! Ukishika kitufe inateleza chini kidogo, kisha inajivuta kurudi. Nikasema, haiwezekani, mwanangu aaibike mbele za watu na mimi babake ni fundi? Nimeusaka siku kumi na moja, bila mchoro wala nini. Zilikuwa kapasita mbili zilizochoka na transista moja. Nimeweka mpya. Sasa sauti inasimama wima kama askari wa gwaride, hata ukiishika mpaka chai ipoe.

Vipuri vya zamani nimekutilia kwenye bahasha, kama nimfanyiavyo kila mteja, ili ajue nilichosema nimetoa nimetoa kweli. Sijaifurahia kazi hivi tangu mama yako atutoke. Kapande jukwaani kifua mbele.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 27 Machi

Baba,

Nilikuambia vitufe sita tu. Nikakuandikia kabisa, mengine yaache. Kwa nini hukuyaacha?

Nilikiwasha, nikangoja nusu saa, nikashika kitufe. Sauti haikutikisika. Nililia mpaka jirani akaja kugonga.

Ule haukuwa ugonjwa. Sikukueleza kwa sababu niliona aibu, na hilo ni kosa langu, nalibeba. Unakumbuka mama alipokuwa akipiga pasi sare za wauguzi pale chumba cha mbele, wewe upande wako na redio zako, yeye upande wake? Alikuwa akiimba na mdomo kaufumba. Akifika mwisho wa mstari, sauti inateleza chini kidogo, halafu anaivuta kurudi. Hatuna pahala tulipomrekodi. Nyumba imejaa redio na kaseti hadi chini ya vitanda, na hakuna hata mmoja wetu aliyemrekodi! Mimi nikaja kumkuta kwenye kinanda cha mwalimu wa watu. Wimbo wa tano wote nimeujenga hapo.

Nakirudisha, pamoja na bahasha yako, sijaifungua. Naomba uvirudishe vipuri vilivyochoka. Si vinavyofanana navyo. Vile vile ulivyovitoa. Zimebaki siku ishirini na nne. Ukishindwa niambie mapema, maana jukwaani nitapanda tu, hata kama pale mezani pako tupu.

Sikuanza na shikamoo. Ningeanza nayo nisingeweza kuandika haya.

Kitindamimba


Tarehe 9 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, ile niliyokunyima. Goti je? Na wewe mwenyewe?

Wiki mbili hujajibu. Shangazi anasema upo, unakula, ila maneno yamekuwa machache. Naomba radhi kwa ukali wangu. Ombi lenyewe siliondoi.

Kila jioni nikitoka kazini nafanya mazoezi. Nyimbo nne zimekaa sawa. Wa tano naupiga juu ya mbao tupu, vidole pale kwenye alama ya pasi, nikihesabu kwa sauti kama mwehu. Meneja ameniuliza kama tupunguze iwe dakika ishirini. Nimekataa. Nusu saa ni nusu saa, ulisema mwenyewe.

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Goti halijambo, moyo ndio uliokuwa na kazi.

Sikununa. Nilinyamaza kwa sababu mbili. Ya kwanza ya kifundi: ile transista, nilipoitoa, mguu wake mmoja ulikatikia ndani. Kipuri cha namna hiyo hutupwa. Nimekaa na tupa ndogo na miwani juu ya miwani, nikilikwangua ganda lake mpaka kikaonekana kisiki cha mguu, chembamba kuliko unywele, nikakilehemu kwenye uzi wa shaba. Mara mbili kilikataa. Mara ya tatu kikashika. Miaka arobaini narudisha vitu vikiwa vizima, nani alinifundisha kurudisha ugonjwa?

Ya pili ni ya baba. Umeniuliza kama nakumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, "Mama watoto, sauti yako inateleza." Anacheka, anaendelea. Alipoondoka ndipo nilipojua kwamba mikono yangu ilikuwa ikifanya kazi kwa ile sauti, na sikumwambia mtu. Halafu siku kumi na moja nimekaa nayo mezani, naisikia, naisaka kama kasoro. Sikumtambua, mwanangu. Niliona aibu kukuandikia.

Jana mchana nilikiwasha, nikangoja nusu saa. Nikashika kitufe. Sauti ikateleza, ikajivuta. Shangazi yako akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akauliza, "Nani anapiga pasi?"

Tulikaa pale wote wawili mpaka mboga ikaungua.

Barua hii inatangulia. Tarehe 18 nakuja mwenyewe, kinanda nimekipakata, sikitumi tena peke yake kwa basi. Uniwekee kiti karibu na swichi, nataka niwe mimi wa kukiwasha, nusu saa kabla hujapanda. Bahasha utaikuta, ndani mna vile vipuri vipya. Ni utaratibu wangu, nilichotoa namrudishia mwenyewe. Usimpe fundi yeyote avirudishe.

Baba yako