Nilivyorekodi Nikiwa Mlangoni

Zawadi mjukuu wangu,

Hujambo huko Dar? Huku Thornton Heath tu wazima. Mama yako amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo siku hizi tunakula pamoja.

Umeniuliza kama uache bendi ya chuo kwa kuwa wamekuweka nyuma. Nilipokuwa nesi kijana hapa London, niliimba kwenye bendi iliyofufua swing, ule muziki wa dansi wa zamani wa saksafoni na tarumbeta. Siku ya kurekodi albamu niliimba kwa nguvu kama nilivyozoea kwenye kwaya ya kwetu, kanisani kusikokuwa na spika. Fundi mitambo akanirudisha nyuma, mbali na maikrofoni, hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagusa mlango. Niliona haya, nikanuna.

Lakini pale mlangoni, kwa mara ya kwanza, niliwasikia wenzangu wote, hata mguu wa mpiga besi ukigonga sakafu. Nikaimba pamoja nao badala ya kuwafunika.

Albamu nimempa shangazi yako akuletee. Sikiliza wimbo wa tatu. Sauti inayosikika karibu kuliko zote ni yangu, nami nilikuwa mlangoni.

Bibi yako