Krismasi ya Guangzhou Imenifuata Rooty Hill

Mama Zawadi, rafiki yangu,

Umeniachia mtoto, na umeniachia Krismasi yenu ya Guangzhou. Mtoto nilimpokea kwa mikono miwili. Hiyo Krismasi, hapana.

Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza kule? Tulifunga kibanda chetu cha nguo, tukapendeza, tukapika pilau ya kulisha mtaa mzima. Hakuja mtu. Majirani wote walikuwa kazini kama siku nyingine, na mwenye nyumba akapanda ngazi kutuuliza nani anaumwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado. Sherehe yao ilikuwa imeisha jana yake jioni, kwenye jumba la maduka: mti wa plastiki wa ghorofa tatu, theluji ya povu katika mji usiojua theluji, Baba Krismasi anapuliza saksafoni, wachumba wanasukumana wapigwe picha. Halafu wanapeana tufaha. Tufaha moja, limefungwa karatasi ya kumetameta! Muulize mmoja wao nani amezaliwa, atakutolea macho. Na wewe, binti wa mwinjilisti, ulikuwa unampeleka Zawadi huko kila mwaka.

Sasa nisikilize. Tangu tukuzike huku Rooty Hill tulikohamia, wakati wa lockdown ya korona, watu kumi tu na barakoa zetu, Zawadi hajalia. Anaenda shule, anarudi, anakula. Nikimuuliza, "I'm fine, Auntie." Nikirudi kutoka kazini, kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Seven Hills, namkuta amekaa palepale. Niliogopa, Akinyi. Kina mama wa kanisani wakasema mtoto ana moyo mgumu. Wao, waliokuzika kwa Zoom huku wanatafuna! Hao sitaki hata kuwasikia.

Nikaamua kumwandalia sikukuu ya kikwetu: mbuzi, chapati, gauni jipya, ibada. Akaliangalia lile gauni, akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye hanijibu Kiswahili: "Mama alikuwa ananipeleka kuona mti."

Basi jana jioni nikampeleka. Treni mpaka mjini, mimi na barakoa yangu na dharau yangu. Mti wenyewe uwongo mtupu, kuanzia shina mpaka nyota. Nikatoa tufaha kwenye mkoba. Nilikuwa nimelifunga mwenyewe, vibaya, selotepu kila mahali. Zawadi akalishika kwa mikono miwili, akakuita. Akalia, Akinyi. Alilia kwa sauti, mbele ya watu wote, kama tunavyolia kwetu msibani. Nikaketi naye sakafuni, nami nikalia. Watu wakatupita na mifuko yao.

Leo ameamka akaomba chapati, akala nne.

Usidhani nimebadilika. Ile si Krismasi, ni upuuzi uliowashiwa taa, na nitasema hivyo mpaka tuonane. Lakini nakuahidi, kila mwaka nitampeleka, na kila mwaka nitanuna njia nzima.

Pumzika, dada. Mwanao sasa analia vizuri.

Wako,
Mumbi